NANI HASA ANALIPIWA KODI? Historia ya ruzuku ya nyumba kwa wapangaji wa Uingereza



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi wetu. Katika familia nyingi za pwani yetu yupo mtu aliye Uingereza: kaka, shangazi, binamu au mtoto wa jirani. Na maneno yanayosemwa barazani juu yake ni yale yale: "Huyo hana shida, kule serikali inampa nyumba bure." Kwa sababu ya maneno hayo watu wamenuniana. Mtu akiomba msaada wa karo ya mtoto akaambiwa hali ni ngumu, husema kuwa ndugu yake amekuwa bahili, kwani mtu asiyelipa kodi ya nyumba atakosaje akiba?

Leo tutalitazama jambo hili kwa njia ya historia. Tutaona kodi ya nyumba ilivyokuwa nchini humo kwa zaidi ya miaka mia moja, ruzuku ya kodi ilivyoanza, na kwa nini familia nyingi zinazopokea ruzuku hiyo kila mwezi zinabaki na deni. Lengo ni tuache kudhaniana, na kijana anayejitayarisha kwenda huko aende akijua.

KWANZA TUELEWANE KUHUSU MANENO

Kule kuna wapangaji wa aina mbili ambao huchanganywa sana. Wa kwanza ni wapangaji wa nyumba za halmashauri ya mji, na pia za mashirika ya nyumba yasiyotafuta faida. Kodi zao ni nafuu na ni vigumu kuondolewa. Wa pili ni wapangaji wa watu binafsi. Huyu amepanga kwa mwenye nyumba wa kawaida, mara nyingi kupitia kwa wakala, na kodi yake ni ile ya soko.

Ruzuku ya kodi ni fedha za serikali anazopewa mtu mwenye kipato kidogo ili zimsaidie kulipa kodi. Haifuati kama mtu ana kazi au hana. Wapo wengi wanaofanya kazi za usafi, udereva au kutunza wazee, na bado wanastahili kwa kuwa mshahara hautoshi. Basi ndugu yako anaweza kuwa kazini tangu alfajiri na bado akawa anapokea ruzuku.

GLASGOW, MWAKA 1915

Mwanzoni mwa karne ya ishirini nyumba za halmashauri zilikuwa chache mno. Hata mwaka 1918, kiasi cha robo tatu ya familia za England na Wales zilikuwa zimepanga kwa watu binafsi. Aliyeshindwa kulipa alifukuzwa. Asiyekuwa na pa kwenda alikuwa na msaada wa sheria ya maskini, na tangu mwaka 1834 sheria hiyo ilijulikana zaidi kwa nyumba zake za kazi, ambako mume, mke na watoto walitenganishwa wakiingia.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, maelfu ya wafanyakazi walimiminika katika mji wa Glasgow, Scotland, kufanya kazi katika viwanda vya silaha na meli. Nyumba zikawa haba, na wenye nyumba wakapandisha kodi ilhali wanaume wengi wako vitani. Akina mama wa mitaa ya Govan na Partick walikataa kulipa nyongeza hiyo. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Mary Barbour. Maofisa wa mahakama walipokuja kumtoa mtu nje, akina mama walipiga kengele na vyombo vya jikoni kuitana, wakajaa ngazini, wakawarushia unga maofisa mpaka wakarudi walikotoka.

Tarehe 17 Novemba 1915 wapangaji kadhaa walifikishwa mahakamani, na umati mkubwa ukaandamana pamoja na wafanyakazi wa viwandani. Serikali iliogopa kazi ya silaha isije ikasimama. Kabla mwaka haujaisha, Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha kodi za nyumba za kawaida katika kiwango cha Agosti 1914. Ilikusudiwa iwe ya muda tu, wakati wa vita. Lakini udhibiti wa kodi, kwa sura moja au nyingine, uliendelea kwa zaidi ya miaka sabini. Mary Barbour mwenyewe alichaguliwa diwani wa Glasgow mwaka 1920, na mwaka 2018 sanamu yake ilizinduliwa huko Govan.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba njia ya kwanza ya kumsaidia mpangaji ilikuwa ni kumzuia mwenye nyumba asipandishe kodi. Mpangaji hakupewa fedha yoyote.

NYUMBA ZA HALMASHAURI, NA SWALI LILILOMSHINDA BEVERIDGE

Njia ya pili ilikuwa ni kujenga. Sheria ya mwaka 1919, iliyopewa jina la waziri Christopher Addison, iliziwezesha halmashauri kujenga nyumba kwa ruzuku kutoka serikali kuu. Ujenzi huo uliendelea kwa miaka sitini. Kufikia mwaka 1980, karibu theluthi moja ya familia za nchi hiyo zilikuwa zikiishi katika nyumba za aina hiyo.

Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili, William Beveridge alitoa ripoti yake mashuhuri ambayo ndiyo msingi wa mfumo wa hifadhi ya jamii wa Uingereza. Alitaka kila mwenye kuugua, kuzeeka au kukosa kazi apewe kiwango kimoja cha fedha za kujikimu. Lakini alikwama kwenye kodi ya nyumba. Chakula kina bei inayokaribiana kila mahali, ila kodi ya London haikuwa sawa na kodi ya kijijini. Ukiweka kiwango kimoja, mmoja atabakiwa na ziada na mwingine atalala na njaa ili alipe kodi. Beveridge aliliita jambo hili kuwa ni tatizo na hakulipatia ufumbuzi kamili.

Kuanzia mwaka 1948 bodi ya msaada wa taifa ikawa inawalipia maskini wasio na kazi kodi yao halisi, mradi iwe ya kiasi. Lakini aliyekuwa na kazi ya mshahara mdogo hakuingia humo. Swali la Beveridge halijafa. Kila mabadiliko tutakayoyataja hapa chini ni jaribio jingine la kulijibu.

NOTTING HILL NA JINA LA RACHMAN

Mwaka 1957 serikali iliamua kulegeza udhibiti wa kodi. Mpangaji wa zamani akiondoka, mwenye nyumba aliruhusiwa kumtoza mpangaji mpya kiasi anachotaka. Mara moja mpangaji wa zamani akawa kikwazo cha faida.

Peter Rachman, mwenye nyumba wa magharibi mwa London, alilifahamu hilo vizuri. Alinunua nyumba chakavu maeneo ya Notting Hill na Paddington, wapangaji wa zamani wakabughudhiwa mpaka wakahama, kisha vyumba vikapangishwa kwa bei kubwa kwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Wahamiaji hao hawakuwa na uchaguzi, kwani nyumba nyingine zilikuwa na vibao vya kuwakataa watu weusi waziwazi. Rachman alifariki mwaka 1962, na habari zake zikajulikana nchi nzima mwaka uliofuata. Jina lake likaingia katika kamusi za Kiingereza kwa maana ya unyanyasaji wa wapangaji.

Kwa sababu ya fedheha hiyo, sheria ya mwaka 1965 ilileta kodi ya haki. Ofisa wa serikali aliitazama nyumba na kuamua kodi inayofaa, bila kuhesabu bei iliyopandishwa na uhaba. Kulinda wapangaji kukarudi tena.

RUZUKU YA KODI INAZALIWA

Sasa tunafika kwenye ruzuku yenyewe. Sheria ya mwaka 1972 ndiyo iliyoweka kwa nchi nzima mpango wa kuwapunguzia kodi wapangaji wa halmashauri wenye kipato kidogo, na kuwapa posho ya kodi wapangaji wa watu binafsi, hata wenye kazi. Sheria hiyo hiyo iliongeza kodi za nyumba za halmashauri. Madiwani 11 wa mji mdogo wa Clay Cross, huko Derbyshire, walikataa kuwatoza watu wao nyongeza hiyo, wakatozwa fedha wao wenyewe na kuvuliwa udiwani.

Kwa miaka kumi mipango miwili ilienda sambamba. Ofisi ya hifadhi ya jamii ililipia kodi za wasio na kazi, na halmashauri zilitoa posho kwa wengine. Watu walichanganyikiwa. Familia moja iliweza kufaidika zaidi upande huu kuliko ule, na haikujua. Basi sheria ya mwaka 1982 ikaiunganisha mipango hiyo katika ruzuku moja chini ya halmashauri. Ilianza kwa baadhi ya watu Novemba 1982, na kwa wote Aprili 1983. Halmashauri hazikuwa tayari. Mafaili yalirundikana, malipo yakachelewa, na magazeti yakauita mpango huo kuwa ni kuvurugika kukubwa kwa kazi za serikali. Aliyeumia ni mpangaji, kwa kuwa mwenye nyumba hakungoja faili litoke.

KODI INAACHIWA HURU

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 mambo mawili makubwa yalifanyika. La kwanza, sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba wanazoishi kwa bei ya punguzo. Karibu nyumba milioni mbili zimeuzwa kwa njia hiyo England. Familia nyingi zilipata mali, na hilo si jambo dogo. Lakini nyumba zilizouzwa hazikujengwa nyingine kwa idadi hiyo, na nyingi kati yake baadaye ziliishia mikononi mwa watu wanaopangisha kwa bei ya soko.

La pili, sheria ya mwaka 1988 iliondoa udhibiti wa kodi kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 15 Januari 1989. Ukaletwa mkataba wa muda mfupi ambao kwa kawaida huanza na miezi sita. Ukiisha, mwenye nyumba aliweza kumpa mpangaji notisi ya miezi miwili aondoke bila kueleza sababu yoyote.

Wapangaji maskini wangelipaje kodi ya soko? Jibu la mawaziri wa wakati ule lilikuwa kwamba ruzuku ndiyo itakayobeba mzigo. Kodi ipande, na asiyeweza atasaidiwa. Hapa, ndugu msomaji, ndipo njia ilipogeuka. Kabla ya hapo serikali ilitia fedha katika matofali, yaani katika kujenga. Tangu hapo fedha zikawa zinafuata kodi ya mtu mmoja mmoja, na kupitia mkononi mwake zikaishia kwa mwenye nyumba.

Nasi tuseme ukweli, njia hiyo ina wema wake. Mtu anaweza kuhama mji kutafuta kazi bila kungoja foleni ya halmashauri kwa miaka. Lakini ina sharti moja: kodi ikipanda, ruzuku nayo lazima ipande. Sharti hilo ndilo lililovunjika.

MSTARI WA NYUMBA MIA MOJA

Serikali ilipoona gharama inakua, ilianza kuweka mipaka. Mwaka 1996 ruzuku ilifungwa kwenye kodi za kawaida za eneo, na vijana wa chini ya miaka 25 wasio na familia wakahesabiwa chumba kimoja tu cha kushirikiana na wengine. Tarehe 7 Aprili 2008 ukaja mfumo wa viwango vya eneo kwa wapangaji wa watu binafsi.

Wanafunzi, mfumo huu mnaweza kuuelewa hivi. Tuseme katika eneo fulani zipo nyumba mia moja za vyumba viwili. Zipange mstari mmoja kutoka ya rahisi mpaka ya ghali. Mwaka 2008 kiwango cha juu cha ruzuku kilikuwa kodi ya nyumba iliyo katikati ya mstari. Maana yake, nusu ya nyumba za eneo zilikuwa ndani ya uwezo. Kuanzia Aprili 2011 kiwango kilishushwa hadi nyumba ya thelathini. Nyumba sabini zikawa nje.

Mwaka huo huo kiwango cha vyumba vitano kilifutwa. Hata familia iwe na watu kumi na wawili, hesabu inaishia vyumba vinne. Januari 2012 sharti la chumba cha kushirikiana likapandishwa mpaka umri wa miaka 35.

Kisha viwango vikaacha kufuata kodi. Mwaka 2013 vilipandishwa kwa kufuata bei za bidhaa, mwaka 2014 na 2015 kwa asilimia moja katika maeneo mengi, na kuanzia 2016 vikagandishwa kwa miaka minne. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, vilirudishwa kwenye nyumba ya thelathini, vikagandishwa tena mpaka Aprili 2024 viliporekebishwa, na mwaka 2025 vikagandishwa upya. Kodi za England hazikugandishwa hata siku moja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Baba analipa kodi ya pauni 1,400 kwa mwezi, na kiwango cha eneo lake ni pauni 1,150. Hata akipewa kiwango chote, inabaki pauni 250 ya kutoa katika fedha za chakula na umeme. Mwaka unaofuata mwenye nyumba anaongeza pauni 80, kiwango kimegandishwa, na pengo limekuwa pauni 330. Tena tumesema akipewa kiwango chote. Katika ruzuku ya zamani, kwa kila pauni moja aliyopata mtu kupita kiwango alichowekewa, ruzuku ilipungua kwa senti 65. Aliyeongezewa pauni 40 kwa wiki alipunguziwa pauni 26.

Juu ya hayo yote, mwaka 2013 uliwekwa ukomo wa jumla wa misaada kwa familia ambazo hazina kazi ya kutosha, nao ulikuwa pauni 26,000 kwa mwaka. Mwaka 2016 ulishushwa hadi 23,000 kwa London na 20,000 kwingineko, na mwaka 2023 ukapandishwa kidogo, kuwa 25,323 na 22,020. Familia kubwa iliyofikia ukomo haifaidiki hata kiwango cha kodi kikiongezwa, kwa kuwa kinachoongezwa huku kinakatwa kule.

Pia tangu mwaka 2013 ruzuku ya watu wa umri wa kufanya kazi imekuwa ikihamishiwa katika mfumo mmoja unaoitwa Universal Credit, unaolipwa mara moja kwa mwezi. Anayeomba kwa mara ya kwanza hungoja kiasi cha wiki tano kabla ya malipo ya kwanza. Anaweza kupewa fedha mapema, lakini ni mkopo wa kurudisha. Hapa pia makato yapo, ingawa tangu mwishoni mwa 2021 ni senti 55 kwa kila pauni ya mshahara.

WATU WETU KATIKA HISTORIA HII

Mwezi Agosti 1972, mwaka ule ule wa sheria ya posho ya kodi, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kiasi cha watu 28,000 waliingia Uingereza, wakiwemo Waislamu wengi. Halmashauri ya mji wa Leicester iliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwataka wasiende mjini humo kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Walikwenda, na leo Leicester inajivunia watu hao.

Baada ya vita vya Somalia kuanza mwaka 1991 walifika Wasomali wengi, pamoja na watu wa Barawa ambao lugha yao, Chimini, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili chetu. Hao walikutana na nchi tofauti. Nyumba za halmashauri zilikuwa zimepungua, na sheria ya mwaka 1999 iliwaondoa waomba hifadhi katika ruzuku ya kodi. Kuanzia Aprili 2000 walipewa makazi maalumu katika miji wasiyoichagua, mara nyingi mbali na jamaa zao wa London.

Mwombaji akikubaliwa kuwa mkimbizi, hutakiwa kuondoka katika makazi hayo. Kwa miaka mingi muda aliopewa ulikuwa siku 28. Sasa linganisha: siku 28 za kutafuta nyumba, na wiki tano, yaani siku 35, za kungoja malipo ya kwanza. Hesabu hii haihitaji mwalimu. Wengi walipokea habari njema ya kukubaliwa, kisha wakalala msikitini au kwenye kochi la rafiki.

Liko na jambo la ukubwa wa nyumba. Kanuni za ruzuku huhesabu chumba kimoja kwa mume na mke, kimoja kwa kila aliyefikia miaka 16, kimoja kwa watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya umri huo, na kimoja kwa watoto wawili wowote walio chini ya miaka kumi. Wazazi wataona kuwa umri huo wa miaka kumi si mgeni kwetu katika adabu za kutenganisha malazi. Lakini nyumba yenye vyumba vinavyotosha kupatikana kwa kodi iliyo ndani ya kiwango, hilo ni suala jingine.

Vilevile familia nyingi za Kiislamu zinakaa katika upangaji muda mrefu kwa kuogopa riba katika mikopo ya nyumba. Mwaka 2003 sheria iliwaondolea wanunuzi wa njia za murabaha na ijara mzigo wa kulipa ushuru wa stempu mara mbili, lakini anayenunua bado anahitaji malipo ya mwanzo makubwa. Mwenye kuishi kwa ruzuku hana.

"HATUTAKI DSS"

Zamani wizara ya hifadhi ya jamii ilijulikana kwa herufi DSS. Wizara yenye jina hilo ilikwisha mwaka 2001. Herufi zake ziliendelea kuishi katika matangazo ya nyumba, zikiwa na maana kwamba mwenye kupokea msaada wa serikali asijisumbue kupiga simu. Baadhi ya wenye nyumba walisema wanahofia malipo kuchelewa, na tumeona kuwa hofu hiyo ilikuwa na asili. Lakini mtu aliyekuwa akilipa kila mwezi bila kukosa alikataliwa kabla hajasikilizwa.

Julai 2020 mahakama ya York iliamua kuwa kuwakataa kwa jumla wote wanaopokea ruzuku ni ubaguzi ulio kinyume cha sheria ya usawa ya mwaka 2010, kwa sababu wanaoumizwa zaidi ni wanawake na walemavu. Baadaye, tarehe 27 Oktoba 2025, ilipitishwa sheria mpya ya haki za wapangaji wa England. Inafuta notisi ya bila sababu iliyoletwa mwaka 1988, na inakataza kumbagua mpangaji kwa kuwa anapokea msaada au ana watoto. Tarehe iliyowekwa ya kuanza kwa sehemu hizo ni 1 Mei 2026. Scotland ilikuwa imetangulia, kwani mikataba yake mipya tangu Desemba 2017 inamtaka mwenye nyumba awe na sababu.

Sheria hiyo ni hatua. Hata hivyo haijazi pengo la pauni 250 katika mfano wetu. Mlango hautafungwa kwa jina la ruzuku, lakini kodi bado itabidi ilipwe yote. Mwaka 2023 familia zilizowekwa na halmashauri za England katika makazi ya muda zilipita 100,000.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tumeona kuwa kiwango kilichogandishwa huku bei zinapanda hakilindi mtu. Nasi tuna mfano wetu. Sheria ya kudhibiti kodi ya Kenya, iliyoigwa kutoka kwa Waingereza wakati wa ukoloni, iliweka kinga kwa nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ukomo huo ukabaki palepale kwa miongo. Nani leo Mombasa anapata nyumba ya familia kwa kodi hiyo? Sheria ipo, anayeguswa nayo hayupo.

Pili, ruzuku ya kodi husemwa kuwa ni fedha za mpangaji, lakini yeye ni njia tu inayopita. Zinaingia kwake leo na kesho ziko kwa mwenye nyumba. Anachobakiwa nacho ni lile pengo, na jina la kuishi kwa msaada. Basi tusihesabu fedha hizo kuwa ni akiba aliyotunyima.

Tatu, wanafunzi mnaokwenda kusoma, fahamuni kwamba viza ya mwanafunzi kwa kawaida imeandikwa sharti la kutotumia misaada ya umma, ikiwemo ruzuku ya kodi. Kodi yenu ni juu yenu. England mwenye nyumba anatakiwa kukagua haki yako ya kuishi nchini kabla ya kukupangisha, kwa hiyo karatasi zako ziwe tayari. Tangu mwaka 2007 dhamana unayotoa lazima iwekwe katika mpango unaotambuliwa na serikali, na tangu 2019 kwa kodi za kawaida haipaswi kuzidi kodi ya wiki tano. Anayekuomba zaidi ya hapo, au kukutaka utume fedha kabla hujaiona nyumba, jihadhari naye.

Nne, kwa wazazi. Ukizungumza na ndugu yako aliye huko, usianze kwa kumwomba. Muulize kodi yake ni kiasi gani na kiwango cha eneo lake ni kiasi gani. Toa kimoja katika kingine. Ukishalijua jibu, utajua pia alivyokuwa akijinyima zile mara alizotuma pauni hamsini, na huenda ukampigia simu kumshukuru.